Bi Rula na Vita vya Mstari wa Saba

Njooni, enyi mliokaa na mliosimama, enyi wenye vikombe mkononi na wenye simu sikioni, wekeni chini mlivyovishika, maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Wako watakaowahadithia wafalme na majeshi yao. Hao tuwaachie wafalme wao. Hapa pana fomu. Pana fomu ya kurasa nne, na katika kurasa hizo mstari mmoja, wa saba, na katika mstari huo kistari kimoja kidogo kama punje ya mchele, kilichotawala pale miaka tisa bila mpinzani, hata ikafika Alhamisi moja, saa nane mchana, alipoinuka mwanamke kukipindua.

Mwanamke huyo ndiye Bi Rula, mhandisi wa vipimo, mwenye rula ya chuma mfukoni na penseli sikioni, ambaye hajawahi kupokea "kama sentimita tatu hivi" kutoka kwa mtu yeyote, hata kwa mumewe anapokata mkate. Kampuni yao ilikuwa ndogo, ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, na iliishi kwa kutengeneza kisanduku kimoja cha chuma, cha kijivu, kinachopima joto la matangi ya viwandani na kulishusha linapozidi. Kwa miaka tisa kisanduku kilifanya kazi yake kimyakimya. Mwaka huu Fundi Antena, bwana wa mawimbi, alikitia redio tumboni ili kitume habari za tangi ofisini bila waya, na kando ya redio akaweka betri ya kuitunza umeme ukikatika.

Kisanduku cha kwanza chenye redio kilikuwa tayari kimetundikwa kwa majaribio katika kiwanda cha sabuni, ukutani, karibu na tangi linalosimamiwa na mama mdogo wa Bi Rula, yeye aliyemlea tangu ana miaka sita. Bi Rula alikigusa siku ile ya kukitundika, akaona kifuniko kina joto kuliko alivyopenda. Jambo lile likamkaa rohoni na halikutoka.

Basi siku ya vita ikafika. Fomu ya kuomba upimaji, ambao bila huo kisanduku kipya hakiuzwi, ilitakiwa kwenye dirisha la maabara kabla ya saa kumi. Mstari wa saba uliuliza: kifaa kipimwe usalama kwa kiwango kipi? Chapchap, mkuu wa mauzo, mwenye ulimi usiojua breki, alikuwa ameinakili fomu ya kisanduku cha zamani neno kwa neno, kistari kwa kistari. Maana ya kistari ni kwamba swali halituhusu, tupiteni. Na chini kabisa ya ukurasa wa nne palikuwa na nafasi ya saini moja tu, ya mhandisi wa vipimo.

Wakakusanyika katika chumba cha mikutano, chini ya feni inayolalamika, kuizunguka meza yenye mguu mmoja uliowekewa kadibodi. Meneja, mshika mhuri, akaketi mwisho wa meza. Chapchap akafungua uwanja.

"Mimi sina maneno mengi," akanena, kisha akayatoa mengi. "Kisanduku hiki ni cha volti ishirini na nne. Sheria ya umeme ina kizingiti chake cha volti, aliye chini yake haulizwi kitu, na sisi tuko chini ya kizingiti, tumejilalia, hatumsumbui mtu. Miaka tisa tumeweka kistari, na miaka tisa hakuna aliyelalamika. Mteja anasubiri visanduku mia mbili. Dada yangu, weka saini, nikufikishie karatasi dirishani mwenyewe, mbio."

Wanyonge wangetia saini. Bi Rula hakuishika hata kalamu. Akamgeukia Fundi Antena.

"Kaka, nijibu mbele ya meneja. Redio imo ndani ya kisanduku, au haimo?"

Fundi Antena alikuwa amelingoja swali hilo miezi mitano. Akasimama, akavuta shati. "Imo. Tena si ya kubandika kama stika. Nimeiunga kwenye ubao wenyewe, kwa mikono hii. Ukiitoa, umeua kisanduku."

"Asante. Basi kisanduku kimehama," akasema Bi Rula. "Kimetoka kwenye sheria ya umeme, kimeingia kwenye sheria ya vifaa vya redio. Na sheria hiyo inadai usalama uleule, ila haina kizingiti. Iwe volti ishirini na nne, iwe volti tatu, inataka jibu. Hicho kizingiti mnachokilalia, kaka yangu huyu aliking'oa siku alipoipachika redio."

Akakisukuma mbele kitabu cha sheria, kimefunguliwa, rula ikiwa juu ya aya yenyewe. Meneja akavaa miwani. Akasoma, akarudia, akavua miwani. "Ni kweli," akasema. Chapchap akatazama saa ya ukutani, nayo haikumsaidia. Kistari kikawa kimepoteza kiti, lakini kiti chenyewe kikabaki wazi, na penye kiti wazi hapakosi wa kukitaka.

"Vizuri sana," akasema Fundi Antena, ambaye hakuwa ameketi bado. "Kiwango basi ni cha redio na kompyuta. Ninacho kwenye droo, nakijua ukurasa kwa ukurasa. Kitu chenye redio ni redio."

"Kaka, hicho kilimfikiria mtu aliyekaa kwenye kochi, au ofisini, mikono mikavu. Chetu kinapima joto na kulidhibiti, kiwandani, kwenye mvuke. Kina kiwango chake, cha vifaa vya kupimia na kudhibiti. Redio humo ni mgeni, mwenye nyumba ni kipimajoto."

"Mgeni?" Fundi Antena aliumia kweli. "Miezi mitano, halafu naitwa mgeni?"

Hapo majeshi mawili yakasimama uso kwa uso, na hakuna lililorudi nyuma, na feni ikaendelea kulalamika. Saa tisa kasorobo. Ndipo Bi Rula akafanya jambo ambalo wakuu wa vita hawalifikirii: akampigia simu mtu anayekitumia kisanduku. Akafungua spika, akailaza simu katikati ya meza.

"Hujanipigia tangu Jumapili," ikasema simu. "Umekula?"

"Shikamoo, Mama mdogo. Nitakula. Uko karibu na kile kisanduku chetu?"

"Marahaba. Nimekiegemea."

Bi Rula akainama juu ya simu. "Huwa unakiegemea?"

"Kwani hakikuwekwa kwa ajili hiyo? Kimekaa sawa na kiwiko. Tena safari hii mmefanya la maana, kina joto zuri. Glavu zangu zikilowa naanika juu yake, nusu saa zimekauka. Kikianza kutuma hizo habari zenu ndiyo joto linazidi, basi hapo ndiyo saa ya glavu. Juzi moja ilianza kunata, nikaigeuza."

Chapchap akaweka kikombe chini taratibu. Fundi Antena akaketi, na sauti iliyomtoka haikuwa ile ya mwanzo. "Betri iko chini ya kifuniko hichohicho," akasema. "Nilihesabu hewa itapita juu. Sikuhesabu glavu."

Bi Rula aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kishujaa hata kidogo. "Mama mdogo, zitoe hizo glavu."

"Hazijakauka."

"Zitoe, nakuomba."

"Haya, nimezitoa. Mtoto una maneno wewe." Akakata.

Hapo Fundi Antena mwenyewe, jabali la mawimbi, akasema neno ambalo wenzake walilikumbuka muda mrefu: "Andika chako, dada. Changu hakijui glavu."

Kalamu ya Bi Rula ikagoma, kama zilivyo kalamu saa za mambo makubwa. Ndipo Chapchap, bila kuombwa, akachomoa yake ya wino wa buluu iliyotia saini mikataba yote ya mauzo, akamkabidhi kwa mikono miwili. Bi Rula akaweka rula juu ya kistari. Akakikata mara moja, kwa mstari ulionyooka, akatia herufi za jina lake pembeni. Kisha akaandika: kiwango cha usalama cha vifaa vya umeme vya kupimia na kudhibiti. Nafasi haikutosha, na maneno mawili ya mwisho yakapanda ukingoni mwa karatasi. Chini yake akaongeza kwa herufi ndogo kwamba kifuniko kipimwe joto kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, ndipo akatia saini yake ukurasa wa nne.

Meneja akagonga mhuri. Akaamuru kisanduku cha kiwanda cha sabuni kizimwe na kushushwa mchana uleule. Chapchap akatoka kumwambia mteja asubiri wiki tatu zaidi, na wapita njia wakasikia hata mlangoni jinsi alivyokuwa akilieleza jambo lile kana kwamba yeye ndiye aliyeligundua.

Saa kumi kasoro dakika saba fomu ikafika dirishani. Karani akafunua kurasa nne kwa kidole gumba, mstari wa saba hakuutupia hata jicho, akapiga tarehe, akasema, "Anayefuata." Bi Rula akasimama kwenye korido akitabasamu peke yake, amefurahi kupita kiasi, na watu wakampisha.

Simu ikalia. "Wamekuja mafundi wawili," akasema mama mdogo. "Wamekizima, wamekifungua, wameondoka nacho. Nauliza nani kawatuma, wananijibu wakubwa. Ni mkubwa gani huyo, nizungumze naye?"

Naye Bi Rula, mpindua kistari, mshindi wa mabingwa wawili katika kikao kimoja, akatazama dari. "Ofisi imeamua, Mama mdogo."

"Haya. Mwambie huyo ofisi nimemjua."

Basi wenye kuandika na waandike, na wasio na kalamu waazime: kwamba Alhamisi ile, kwa wino wa buluu, mstari wa saba ulikombolewa baada ya miaka tisa, na kwamba jioni yake, katika kiwanda cha sabuni, mwanamke mmoja alivua aproni na kurudi nyumbani amenuna, glavu zake mbichi, vidole vyake kumi vizima.