Kreti za Kijani na Uenyekiti Wangu

Jumatatu, 12 Mei 2025

Natta, kijijini kwetu. Mvua tangu asubuhi. Leo nimepewa cheo! Mpwa wangu Tabitha, katibu wa kikundi cha kina mama wanaolima mboga, kanikabidhi ufunguo wa stoo. Ndani mna kreti sitini za plastiki, za kijani, mali ya kambi ya watalii inayonunua nyanya na hoho zao. Kasema, Mjomba, ulitunza ghala la mkonge Tanga maisha yako yote, hizi kreti hazitakushinda. Nikamwambia hazitanishinda.

Zimekuja na masharti, kurasa kumi na mbili. Nimeyasoma kwa raha. Kreti ioshwe kwa dawa na kukaushwa. Iliyopasuka iondolewe kazini. Isitumike kwa kazi nyingine yoyote. Kila moja iwe na alama isiyofutika. Siku ya ukaguzi zionekane zote. Ikikosekana hata moja bila maelezo, kambi itarudi kununua mboga Arusha. Maandishi safi. Sikujua kuna mtu bado anaandika hivi.

Kambi imefungwa kwa ajili ya masika. Kreti hazina kazi hadi wageni warudi. Nikazitazama kwa muda mrefu.

Huu ni mwaka wa tatu tangu nirudi nyumbani, na bado naitwa Mtanga. Aliyeanza ni Wangwe, mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya kijiji. Ni rika langu, tulitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitania mbele za watu. Anaitumia vizuri. Leo dukani kaniuliza kama ufunguo huo ni wa stoo au wa choo cha stendi. Watu wakacheka hadi muuza duka akakosea chenji.

Uchaguzi wa mwenyekiti mpya wa kamati hiyo ni tarehe 28. Nitagombea.

Jumatano, 14 Mei

Nimepata njia! Babu yangu hakulaza ng'ombe wake wote zizi moja. Huyu alimweka kwa rafiki, yule kwa shemeji, mwingine ng'ambo ya mto. Waliowekewa walikamua maziwa, na babu alibaki na mali na watu pia. Kwenye baraza akisimama, nusu ya waliokaa walikuwa wamekunywa maziwa ya ng'ombe wake.

Nitaziweka kreti kwa watu. Sharti linasema zisitumike. Mimi sizitumii. Naziweka.

Tatizo dogo: alama. Kikundi kimebandika karatasi zenye namba, na mbuzi wa Tabitha amekula kumi hivi. Zikitoka bila alama nitazitambuaje?

Alhamisi, 15 Mei

Nimepata alama isiyofutika. Chuma cha kupigia ng'ombe chapa! Hapa mwenye chuma kizuri ni Wangwe. Alama yake ni nusu duara yenye mkia; kila mchungaji wa hapa anaijua. Nikajiuliza kama kuna ubaya. Nikarudi kwenye masharti. Yanasema alama isiyofutika. Hayasemi alama ya nani.

Wangwe hakuniuliza maswali mengi. Aliniuliza mara mbili tu kama nina hakika, kisha akaingia ndani kuleta chuma, na nikamsikia akicheka huko huko ndani na mkewe.

Kreti ya kwanza chuma kilipita moja kwa moja kikatokea upande wa pili. Moshi mweusi. Jirani yangu Mokami alikuja mbio akidhani nyumba inaungua. Baada ya hapo nikajifunza kukiacha chuma kipoe kidogo kwanza. Hadi jioni nimemaliza zote. Mkono umevimba, lakini kazi ni nzuri. Tanga tulipiga chapa marobota ya mkonge kwa rangi, ikafutika kabla meli haijaondoka.

Jumamosi, 17 Mei

Ugawaji. Nyumba moja kreti moja, mbili kwa familia kubwa. Kila mahali nilitoa hotuba fupi: kwamba hii ni desturi yetu wenyewe, kwamba aliyewekewa ana heshima yake, kwamba mwenye mali haji na kamba mkononi kudai mnyama wake kama mwizi, anakuja na pombe, wanakaa, wanaongea. Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Bibi mmoja alisema hakujua kama huko Tanga wanafundisha haya. Nilikaribia kulia!

Moja nimeiacha langoni kwa mwanangu Godwin, aliye kazini mgodini upande wa Genkuru. Mkewe Robi amejifungua juzi juzi. Langoni tu, maana baba mkwe haingii nyumba ya mkamwana, wala hawasemeshani uso kwa uso. Mtoto amepewa jina langu la ukoo, Waisiko. Sijamwona.

Jumatano, 21 Mei

Nimepita kukagua kura zangu. Kwa Mokami kuku ameatamia. Fundi cherehani anakalia yake. Kanisani kwaya imeweka mbili mbele, ili soprano wafupi waonekane. Kila mtu kaniamkia vizuri.

Wangwe naye anapita nyumba kwa nyumba. Haombi kura. Anasimama, anaiangalia kreti, anaigusa ile nusu duara kwa fimbo, anatabasamu, anaondoka. Mtu mzima huyo! Hana sera.

Ijumaa, 23 Mei

Balaa. Tabitha kaja na shikamoo ya haraka. Kambi inafungua mapema, mkaguzi anakuja Jumatatu. Kasema nyanya zimeshaanza kuiva, hazitasubiri mtu, na soko la hapa litazichukua kwa bei ya kutupa. Kina mama kumi na wanne wameziwekea mbolea kwa mkopo wa kikundi. Akaniuliza, Mjomba, kreti ziko salama?

Nikamjibu ziko mahali salama. Si uongo. Ni mahali pengi, na kote ni salama.

Jumamosi, 24 Mei

Nimezunguka kutwa kudai. Mokami alinikaribisha kiti, akanikumbusha hotuba yangu neno kwa neno. Mwenye mali haji na kamba mkononi. Pombe iko wapi? Nikasema ni dharura. Akasema babu yangu hakuwa na dharura. Halafu akaniambia kuku wake ataangua baada ya wiki mbili, na kwa desturi niliyoieleza mwenyewe, hajui kifaranga wa kwanza ni wa nani, tukae tuongee.

Fundi cherehani alisema ataitoa atakapopata stuli. Mwalimu wa kwaya kasema baada ya Pentekoste. Bibi aliyenisifu hakuinuka kabisa kwenye kreti yake. Aliongea nami huku ameikalia, kwa upole mkubwa.

Nimerudi na kreti mbili. Mojawapo ni ile yenye tundu.

Jumapili, 25 Mei

Sikwenda kanisani, kwa sababu Tabitha anakwenda. Nimekwenda kwa mwanangu. Nikasimama langoni, nikakohoa. Robi yuko ndani. Alikuwepo mbwa, kwa hiyo nilimwambia mbwa, kwa sauti ya kutosha, kwamba kreti inahitajika kesho.

Robi akamwambia mbwa amjibu aliyemtuma kwamba mtoto ndiyo kwanza amelala.

Nikamweleza mbwa kwamba hili ni suala la kanuni za vifungashio vya plastiki vinavyotumika tena. Robi akamuuliza mbwa kama hizo kanuni zitamshika mtoto wakati yeye anasonga ugali. Mbwa akajikuna sikio.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Niliona kreti, na kanga ndani yake, na mguu mdogo umetokeza kwenye tundu la mkono. Unyayo umekunjamana kama wa baba yangu. Watoto wangu wote walizaliwa nikiwa ghalani, nikihesabu marobota. Nilikaa kwenye jiwe nje mpaka akaamka. Kisha nikaenda zangu bila kreti.

Njiani nikakutana na Tabitha. Alikuwa ameziona mbili za kwaya. Hakunipigia kelele, ingekuwa afadhali. Alisema tu, Mjomba, ni kina mama kumi na wanne. Akanipita, akaelekea kwa Wangwe!

Saa kumi jioni nikasikia miluzi. Wangwe anakuja barabarani na fimbo, anapiga mbinja ile ya kuswaga ng'ombe, na nyuma yake nusu ya kijiji wamebeba kreti vichwani. Mokami amebeba yake na kuku kwapani. Hakuna aliyebisha. Wangwe alisimama kwenye kila lango, isipokuwa la Robi mwenye mtoto mchanga, akasema mnyama wangu huyo, na mkosi wa kukaa na mnyama mwenye chapa ya mtu hakuna anayeutaka. Alipopita mbele yangu kasema, Mtanga, umenipa mifugo mingi kuliko aliyoniachia baba.

Tabitha na kina mama waliziosha kwa dawa mpaka giza likaingia. Mimi nilichota maji. Nilipoomba ufunguo wa stoo alijifanya hasikii.

Jumatatu, 26 Mei

Mkaguzi ni binti mdogo, anaitwa Nice, mwenye buti na kompyuta ya mkononi. Kaamkia wazee wote kabla ya kuuliza chochote. Akaisugua alama kwa kidole, kisha kwa spiriti, kisha kwa ukucha. Haitoki! Akasema kwingine kote anakutana na karatasi na kalamu ya wino, hapa ndipo pa kwanza penye alama isiyofutika kweli. Akauliza ni alama ya nani. Wangwe akafungua mdomo. Tabitha akamkanyaga mguu, akasema ya kikundi.

Ile yenye tundu ikaondolewa kazini. Zikabaki hamsini na nane. Inakosekana moja. Niliona uso wa Tabitha, nikainuka. Nikamwambia mkaguzi, ukurasa wa tisa: ikikosekana bila maelezo. Mimi nina maelezo. Kreti imembeba mtu.

Akataka kumwona, nikampeleka kwa Robi. Yeye ni mwanamke, akaingia. Mimi nikabaki langoni na mbwa. Alikaa huko muda mrefu kuliko ukaguzi unavyohitaji. Alipotoka aliandika: kreti moja, imeondolewa kazini. Kama mimi. Kwa kanuni inatakiwa irudishwe ikasagwe, kasema itarudishwa mwenyewe atakapoanza kutembea.

Kikundi kimepita! Nyanya zinakwenda kambini Alhamisi. Tabitha alinishika mkono, akasema, asante Mjomba, kwa ule ukurasa wa tisa.

Jumatano, 28 Mei

Uchaguzi. Wangwe, mikono yote. Mimi, mkono mmoja, na ulikuwa wangu. Hotuba yake fupi: ninyi mmetunza mali yangu, nami nitatunza yenu. Makofi. Wizi mtupu wa sera! Wazo ni langu, jasho ni langu, mkono uliovimba ni wangu. Baadaye alininunulia soda, akanitambulisha kwa mgeni fulani: huyu ni Mtanga, mchungaji wangu.

Jumapili, 1 Juni

Gari la kambi limeleta vifuniko sitini vya kreti, vipya, vya kijani, ili mboga zisipate vumbi njiani. Stoo imejaa nyanya. Tabitha ameomba viwekwe barazani kwangu kwa siku chache, vikiwa vimefungwa kamba, na amenionya nisiiguse ile kamba.

Nimekaa navyo tangu mchana. Kifuniko ukikigeuza ni sinia zuri sana la kuanikia dagaa. Hakuna nyumba hapa isiyohitaji sinia. Na mwezi wa tisa kuna uchaguzi wa kamati ya maji, ambao Wangwe amesema hagombei.

Nimesoma masharti tena, kurasa zote. Yanasema kreti, kreti, kreti. Vifuniko havikutajwa popote.

Havina alama, kwa hiyo vinaweza kupotea. Kesho asubuhi nakwenda kwa Wangwe kuazima chuma.