Ufa Namba Saba

Umma wa mji wetu wa Ksar Lahmar unatangaziwa kwamba Kamati ya Nyufa za Ua, ambayo mimi ni katibu wake, imemaliza kazi yake kwa ushindi.

Kazi ilianza na ombi la Mama Dhahbia, mjane aokaye mkate kwenye tanuri la udongo bustanini kwake. Ua wake wa makuti ya mtende ulikuwa na matundu saba. Aliomba kuyaziba ili aoke bila mtandio. Mtandio wa kwanza ulikuwa umeungua. Wa pili uliungua pamoja na nywele.

Asiyesoma atasema aachwe azibe. Lakini Mwenyekiti wetu, Si Lazhar ("Si" kwetu ni "Bwana"), ametunga kanuni: ufa hauzibwi mpaka kamati ichungulie na kuthibitisha kwamba unaonyesha mtu. Matokeo hubandikwa ubaoni, mlangoni pa manispaa, siku tisini, maana uwazi ni nguzo ya utawala.

Tulikwenda. Sisi ni watu wa adabu, kwa hiyo mpimaji wetu, Monji, alipaza sauti kwanza, kama wafanyavyo wakwea mitende ili wanawake wa chini wajisitiri: "Ya Satiri!" Mama Dhahbia akaingia ndani, kama mwanamke yeyote mwenye heshima. Tukachungulia. Nikaandika: *Aliyeonekana: hakuna. Ombi limekataliwa.*

Tulifanya hivyo siku sita, nyufa sita.

"Mwanangu katibu," akasema nyuma ya mlango, "si nyinyi wenyewe mnaonifukuza?"

"Ndio utaratibu, mama."

"Na nisipoingia?"

"Utakuwa umekosa adabu. Ombi la asiye na adabu halipokelewi."

"Basi niungue kichwa kwa utaratibu."

"Hilo lina fomu yake, mama."

Siku ya saba alitupokea kwa chai, amejifunika vizuri.

"Umebaki ufa wa kwa jirani. Kanuni inasema mchungulie kutoka upande upi?"

Nikaifungua. Haikusema.

"Basi leo chungulieni kutoka kwangu."

Jirani yake ni Si Lazhar, ambaye wiki hiyo alikuwa Tunis kwenye mkutano wa nyua. Hati ya safari niliigonga muhuri mimi.

"Ya Satiri!" akaita Monji.

"Endeleeni, huku hakuna mwanamke," sauti ikajibu.

Nikachungulia. Si Lazhar alikuwa ameketi ndani ya beseni la kufulia, na chupi tu, kipande cha tikiti mkononi na kingine juu ya tumbo.

"Unaona nini?" akanong'ona Monji.

"Mwenyekiti."

"Yuko Tunis."

"Sehemu kubwa yake iko hapa."

"Andika, mwanangu," akasema Mama Dhahbia. "Au na hili lina fomu yake?"

Nikaandika: *Aliyeonekana: mmoja.* Nikaeleza na beseni, kwa ukamilifu.

Kabla ya adhuhuri ua mzima ulikuwa umezibwa, makuti tabaka tatu, Si Lazhar mwenyewe akishika kamba, bado amelowa. Alisema nyufa zizibwe zote, mtu asije akakosea namba. Mama Dhahbia akaoka kichwa wazi, akatupitishia mikate miwili mlangoni.

Jioni Si Lazhar akaniita.

"Lile tangazo?"

"Limebandikwa, Mheshimiwa, kwa mujibu wa kanuni yako."

"Libandue."

"Mpaka kamati ithibitishe kwamba hakuna anayelisoma."

Tulikwenda kuthibitisha. Tumeshindwa kuufikia ubao kwa wingi wa watu.