Kuku wa Kuombea Radhi Kitabu cha Umeme

Leo nimeaibika mbele ya Sista, mbele ya mke wangu na mbele ya kuku. Nawaandikia mapema kabla Masanja hajawafikia, maana yeye atatia chumvi.

Mnakumbuka kile kitabu cha umeme nilichoazimwa na Sista wa zahanati ya parokia pale mjini. (Kwa asiyekijua: ni kijimashine chenye ukubwa wa kitabu cha sala, kina vitufe vya herufi na kioo kidogo. Ndani yake kuna kisahani kimoja kilichobeba maarifa ya kabati zima.) Mimi shule niliishia darasa la nne, mengine nimejisomea mwenyewe, usiku na mchana, kwenye chochote chenye maandishi. Kwa hiyo Sista aliponiambia, "Fundi, kikirudi kizima utakuwa unakichukua kila mara. Kikirudi kibovu, basi tena," nilikishika kama mtoto mchanga. Kila jioni nilikifuta vumbi kwa kitambaa, pande zote.

Siku ya kukirudisha ilikuwa leo. Wiki iliyopita kikagoma. Nawasha, kioo kitupu. Nazima, nawasha, kitupu!

Sikupaparika. Kanuni yangu ni kukagua jambo moja moja. Nikasugua vichuma vya betri kwa msasa laini. Kitupu. Nikapeleka betri yake ya kuchaji kwenye mashine ya kusaga, na mwenye mashine akanipa nafasi kwenye jenereta lake bila kutaka chochote. Taa ya chaja ikawaka, ikazima yenyewe kama inavyotakiwa. Nikairudisha betri. Kitupu.

Kitabu hiki kinakubali pia betri za kawaida. Jirani yangu Masanja, mfugaji, akafungua redio yake na kunipa betri mpya kabisa.

"Na matangazo ya vifo utasikilizaje?" nikamuuliza.

"Akifa mtu wangu wataniambia. Chukua, ndugu yangu."

Nikazitia, nikabonyeza vitufe vyote kwa zamu. Hakuna kitu. Kesho yake betri za Masanja zimekwisha! Mke wangu akatoa za tochi yake, akawa anakwenda jikoni kwa kupapasa. Nazo zikaisha. Nikakaa, nikatafakari, nikahitimisha: kitu kisichowaka lakini kinakula betri kina shoti ndani. (Naomba muikumbuke sentensi hiyo.)

Leo asubuhi nikajaribu dawa ya mwisho, ile ambayo nyie wote mnaitumia: nikazianika betri juani.

"Baba Restituta! Betri kwenye ungo wangu wa dagaa?"

"Ni kwa muda tu, mama. Zinataka joto."

"Na hicho kitabu nacho kinataka joto?"

(Nilikuwa nimekianika pia, pembeni, kando ya dagaa.)

Jua likapanda, nikazirudisha betri ndani, nikawasha. Kitupu. Hapo Masanja akatoa hukumu: "Kitu cha mtu kikifia mikononi mwako, huendi peke yako kama mwizi. Unakwenda na msemaji, na unakwenda na kuku." Mke wangu akainuka. Aliingia bandani akatoka na mtetea wake, yule anayetaga. Kisha akakifunga kitabu kwenye kitambaa cheupe kisipate vumbi la njiani. Tukatoka kijijini kwetu Kakese kwa baiskeli mbili, mke wangu nyuma yangu, kuku akiwa kwenye usukani wa Masanja.

Sista alikuwa barazani kwa wagonjwa. Masanja akasimama, akavua kofia.

"Sista, mama yetu. Hatukuja kwa furaha. Tulijitahidi, tulimpeleka hadi kwenye jenereta, tulimweka juani. Imeshindikana. Hakuteseka."

Mama mmoja kwenye foleni akajifunga khanga vizuri. "Poleni jamani. Ni nani aliyefariki?"

Nikamkabidhi Sista ile sanda. Benchi zima wakasimama kwa heshima. Sista akafungua kitambaa polepole, akakunja pua.

"Fundi, mbona kinanuka dagaa?"

Nikamweleza habari ya ungo.

"Ulikuwa unakifuta?"

"Kila siku, Sista. Pande zote." (Nilisema kwa fahari. Mungu anisamehe.)

Sista akakiwasha. Kisha akaweka kidole gumba ubavuni mwa kitabu, penye kigurudumu kama kile cha kuongeza sauti ya redio, akakizungusha kidogo tu. Maandishi yakajitokeza, meusi, safi, yamejaa kioo!

"Hiki ni cha kukoleza maandishi," akasema. "Ukikifuta kwa nguvu kinarudi nyuma. Kitabu kinawaka vizuri, ila wewe huoni."

Yaani kilikuwa kinawaka wiki nzima. Mchana na usiku.

Akasogeza kioo karibu, akasoma kwa makini. Kumbe yale majaribio yangu ya kubonyeza yalikuwa yameandikwa yote, na ya mwisho nilikuwa nimeandika jina langu.

"Kinasema kimetafuta kote," akatafsiri, "na hakikupata kitu chochote kinachoitwa Ignasi."

Benchi lilicheka mpaka mwenye homa akaomba maji. Masanja peke yake hakucheka. Alikuwa anafikiri.

"Kwa hiyo," akasema, "marehemu alikuwa anakula betri zangu?"

Nikanyoosha mkono kumchukua mtetea. Masanja akanipiga kofi mkononi. "Kuku wa radhi harudi nyumbani!"

"Kuku nimempokea," akasema Sista, akifuta machozi ya kicheko. "Na kitabu rudi nacho, Fundi. Mtu anayeniletea msemaji na kuku kwa kitu kizima, kikiharibika kweli si ataniletea hadi ng'ombe wa Masanja?"

"Ng'ombe wangu wasitajwe," akajibu Masanja.

Basi kitabu kiko mezani, kinawaka, na vumbi lake nimeliacha hapohapo lilipo. Namshukuru mwenye mashine. Namshukuru Masanja, ambaye hadi sasa hajui nani kafa. Zaidi namshukuru mama Restituta, aliyenipikia gizani na bado akatoa kuku.

Chekeni mnavyotaka. Ila msichekee nyumbani kwangu mpaka nimpatie mtetea mwingine.