Mitamba Wanne wa Profesa Leonce

Ijumaa, tarehe 25 Aprili 2025, siku ya mnada wa Karatu, mvua ilikuwa imekwisha kuugeuza udongo mwekundu kuwa uji, na mtu mmoja mwenye suti alikuwa akitafuta mahali pa kukanyaga. Jina alilolitumia wiki ile lilikuwa Leonce. Alikuwa amekuja kuuza saa za dhahabu ambazo hazikuwa za dhahabu, na ambazo, kwa kuwa hazikutembea, ni shida hata kuziita saa.

Alijikinga mvua chini ya turubai la Marsela, mama wa kijiji cha Daa auzaye makande na chai siku za mnada. Hapo alimkuta Isaya, mume wa Marsela, akilalamika. Isaya ni dereva wa watalii. Masika wageni huadimika, na dereva asiye na wageni hupata muda mwingi wa kujipima na majirani.

"Kijana wa benki kanirudishia fomu ya mkopo mbele ya watu," alisema Isaya. "Ati sijaelewa sheria. Mimi, niliyewaeleza Wazungu kreta nzima!"

Leonce aliweka kikombe mezani taratibu, kama padri aliyemaliza komunio. Saa zikasahaulika.

"Mzee wangu, ulichokosa si akili. Ni Shahada ya Uzamili katika Sheria ya Benki na Fedha za Kimataifa."

"Huchukua muda gani?"

"Ulaya, miaka miwili. Sisi hatuna theluji ya kutuchelewesha: Jumamosi nne."

"Lakini niliishia darasa la saba."

"Vizuri zaidi. Kichwa chako hakijabanwa na mambo mengine."

Wiki haikuisha kabla Profesa Leonce hajakodi ukumbi wa nyumba ya wageni iliyokosa wageni. Wanafunzi kumi na mmoja walijiandikisha, akiwemo mnyapara mmoja wa mashamba ya kahawa ya Oldeani. Asiye na fedha alileta kahawa au mbuzi, kwani elimu ya juu haibagui.

"Benki ni nini?" aliuliza Profesa.

"Nyumba ya fedha!" waliitikia.

"Na ya kimataifa?"

"Nyumba ya fedha iliyo mbali!"

"Hongereni. Tumemaliza muhula wa kwanza."

Isaya hakuwa na mbuzi. Alipeleka hati ya shamba la Daa.

Sasa, ndugu msomaji, ifahamu hati hiyo. Marsela alikuwa amesoma elimu ya watu wazima kwa miaka mitatu, na maandishi ya kwanza aliyoyasoma mpaka mwisho bila msaada yalikuwa hati ile, yenye jina lake pembeni ya jina la mumewe. Shamba lile ndilo mahindi yao, maharage yao na kaburi la mama mkwe wake. Siku alipofungua sanduku akakuta upepo, alimwita mumewe.

"Baba Angela, hati iko wapi?"

"Iko chuoni."

"Chuoni inasomea nini?"

Isaya alikumbuka kwamba kuku hawajafungiwa, akatoka.

Marsela alimfuata Profesa, naye akampokea kwa furaha, maana mkopeshaji wake wa Arusha alikuwa ameikataa hati ile mpaka iambatane na saini ya mke.

"Mama, weka saini hapa tu."

"Ngoja niisome."

Aliisoma karatasi ile ya kuliweka shamba rehani kwa saa nzima, kidole kikitembea chini ya kila neno. Profesa alikunywa chai tatu.

"Sisaini," alisema Marsela, akaondoka.

Mnada wa tarehe 7 Mei, Marsela alikaa kwa muda na mteja wake wa siku nyingi, mfugaji Meitamei wa Malambo. Alimweleza yote.

"Mama Angela," alisema Meitamei, "huyo mtu anajua ng'ombe?"

"Anajua kuwala."

"Basi hati yako itarudi. Lete daftari."

Jioni ile Meitamei, akifuatana na Marsela na daftari lake, alisimama mbele ya Profesa. "Nataka shamba la Daa. Nitakupa mitamba wanne, majike ambao hawajazaa bado."

Macho ya Profesa yaling'aa. Mtamba hadai saini ya mke! Meitamei alimwomba Marsela aandike makubaliano, kwa kuwa yeye hakusoma.

"Niandike jina gani la mpokeaji?" aliuliza Marsela kwa unyenyekevu.

"Profesa Daktari Leonce," alisema mwenyewe, akinyoosha tai. "Usisahau Daktari."

Marsela aliandika kwa herufi kubwa, nzuri, zilizokaa juu ya mstari. Profesa alisaini, akaitoa hati.

Kesho yake aliuza kahawa na mbuzi wote wa chuo, akakodi lori, akavuka makorongo yaliyojaa maji mpaka Malambo. Mitamba walikuwepo, wanne, wanene. Meitamei hakudanganya hata mkia mmoja.

"Wachukue, rafiki yangu. Ila huko njiani ng'ombe hapiti bila kibali. Ofisi ya kijiji ile pale."

Mtendaji wa kijiji, Naserian, alisoma makubaliano. "Mwandiko mzuri. Ng'ombe ni wa Profesa Daktari Leonce. Kitambulisho?"

Profesa alikuwa na vitambulisho vitatu vyenye majina matatu, na hakuna hata kimoja kilichomwita Leonce. Alitoa cha kwanza.

"Huyu si mwenye ng'ombe," alisema Naserian.

"Ni mimi!"

"Basi huyu wa kwenye picha ni nani? Nimpigie simu polisi atusaidie kumtambua?"

Ghafla Profesa alikumbuka mhadhara. Nje, dereva wa lori alijilipa nusu ya pili ya nauli kwa kuchukua suti na mfuko wa saa, akaondoka. Msomi wetu alionekana mara ya mwisho akitembea kwa miguu katika matope, akiwa na fulana na tai.

Meitamei anawatunza mitamba kwa uaminifu mpaka mwenyewe ajitokeze na kitambulisho. Mmoja ameshazaa. Mnyapara wa Oldeani hakushtaki popote, na bado hugeuka akiitwa Msomi. Isaya analima maharage Daa, na hati inalala chini ya mto wa Marsela.

Nawe uliyeufuata mkasa huu mpaka hapa, usiufungie sandukuni. Msomee jirani asiyejua kusoma, kisha, kwa sauti kubwa zaidi, umsomee yule mwenye haraka ya kuitwa msomi.