Picha ya Shangazi ya Kuwekwa Mbele

3 Juni, Jumatatu
Studio kimya tangu asubuhi. Mungu anisamehe, nimeshinda mtandaoni. Mwalimu Ndevu, yule ninayemfuata kwenye video, anasema picha za siku hizi ni nusu mwanga, nusu giza. Namwamini. Ana kamera ukuta mzima.
Jioni akaja Shangazi, aliyenilea baada ya mama kufariki. Daktari kamwambia maneno ambayo hakutaka kunisimulia yote. Anataka picha moja nzuri, ya kuwekwa mbele ya jeneza. Nikalia. Kisha shetani akanipitia: picha hiyo itatazamwa na ukoo mzima, kwaya na mchungaji! Jina la studio pembeni, kwa herufi ndogo za heshima. Nimemwahidi picha ambayo haijapata kuonekana.

4 Juni, Jumanne
Nimemkalisha kando ya dirisha, pazia nusu. Nikamwonyesha picha kwa fahari. Akaitazama sana.
"Jicho langu lingine umelipeleka wapi, baba?"
Nikamweleza kwamba kivuli kinaleta siri. Akasema yeye hana siri, ukoo mzima unamjua, na hataki watu wamzike wakidhani alikuwa na chongo. Fundi Simu, jirani yangu wa kibanda cha pili, alisikia yote. Kacheka mpaka kaangusha skrubu. Eti yeye angempiga picha kwa simu tu. Simu! Nimemwombea.

6 Juni, Alhamisi
Habari njema mtandaoni! Waliotengeneza kamera yangu wametoa programu mpya, inayotafuta macho yenyewe. Yote mawili! Shangazi alikuwa ameshakaa, kavaa kitambaa kile cha harusi ya binti yangu. Nikamwomba asubiri kidogo niiweke. Maelezo yalionya betri ijae kwanza. Yangu ilikuwa nusu. Nikamtegemea Mungu.
Kamera ilizimika katikati. Haijawaka tena.
Shangazi alisubiri mpaka akasinzia kitini. Mke wangu akamfunika shuka, akanivuta pembeni. Akasema ile kamera ya zamani ipo kabatini na inafanya kazi, nimpige nayo sasa hivi. Ile? Mwalimu Ndevu mwenyewe kasema aliyebaki nayo akazuie nayo mlango.
"Unadhani ana nguvu za kuja hapa mara ngapi tena?" mke wangu akasema.
Wanawake hawafuatilii habari za lenzi.

8 Juni, Jumamosi
Nimekwenda ng'ambo ya mji kuazima kamera kwa mpiga picha wa harusi. Nimeipata! Kurudi, naambiwa Shangazi alikuja, akanikosa. Fundi Simu akamkalisha kwenye benchi lake, akamtania kwamba anatafuta mke, ila awe anajua kupika. Shangazi akamjibu kwamba yeye anatafuta mume, ila awe na meno. Wakacheka. Hapo hapo jamaa akabonyeza.
Nimeiona picha yenyewe. Haina ufundi wowote. Nyuma waya za chaji zimening'inia kama nyoka. Mke wangu anasema ndiye yeye kabisa.
Nikaenda kwake na kamera ya kuazima. Alikuwa kalala kitandani, simu ya binti yake mkononi, anaitazama ile picha aliyotumiwa na Fundi Simu.
"Hii inanitosha. Usihangaike tena, baba."
Nikamwambia apumzike tu, Jumatatu alfajiri nitamtoa uani, Mwalimu Ndevu anasifu sana mwanga wa saa hiyo. Akanishika mkono.

12 Juni, Jumatano
Tumemzika Shangazi. Alilala Jumapili, hakuamka.
Mbele ya jeneza, yeye anacheka, na waya za chaji nyuma yake. Mchungaji aliiona, akatabasamu. Watu wakaulizana nani kapiga. Wote wakageuka kumtazama mtu mmoja, na si mimi. Nikalia sana. Mungu anajua nilikuwa nalilia lipi. Mimi sijui.

15 Juni, Jumamosi
Nimefunga na kusali. Nimetubu kiburi changu. Nimemwahidi Mungu kwamba sitagusa mtandao mwezi mzima.
Baada ya chai nikachungulia kidogo tu. Mwalimu Ndevu kahamia kwenye filamu, ule mkanda wa kutiwa ndani ya kamera! Nyeusi na nyeupe, kama zamani. Anasema uso wa mzee haujui kujificha mbele ya filamu. Nimeagiza. Itachukua wiki kadhaa kufika.
Mchana baba mkwe kaja kutupa pole. Kakonda, anakohoa vibaya, na ana uso wa ajabu. Nimemsihi, kwa heshima zote, ajikaze mpaka mzigo ufike.