Mzinga Namba Saba Hauna Nyuki

Alhamisi, 9 Januari 2025

Aibu! Uzio tulioufunga hapa Kibwezi kuwazuia ndovu una mizinga ishirini kwenye waya mmoja. Kumi na tisa inavuma. Wangu, namba saba, kimya. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha mizinga, Bi Mutanu, amenieleza kwa heshima kwamba nyuki wasipoingia kufikia Jumanne, nafasi yangu atapewa jirani yangu Kaveke. Naye Kaveke akaniuliza mbele ya kikundi: "Maalim, waumini wako wamesafiri?" Wakacheka!

Bi Mutanu ameniagiza nipake ndani nta kuukuu, harufu yake iwavute nyuki. Nta kuukuu! Mgeni mheshimiwa hukaribishwa kwa udi.

Ijumaa, 10 Januari

Baada ya sala nimeufukiza mzinga udi na kuunyunyizia marashi. Nami nilikuwa nimejipaka atari, kama sunna ya siku. Nyuki wakaja! Alhamdulillahi! Walitoka mzinga namba nane, wa Kaveke. Wangu hawakuutazama. Wakanifuata mimi. Nimekimbia, jambo nisilolifanya tangu ujana. Kaveke akapiga kelele nivue kanzu. Sikuvua. Miiba kumi na mmoja.

Jumamosi, 11 Januari

Mke wangu Najma amenikwangua miiba akisema kwamba nyuki huchukizwa na manukato, na kwamba jambo hilo hata watoto wa kijiji cha Kambu wanalijua. Nikaomba kioo. Mdomo umevimba.

Jumapili, 12 Januari

Alfajiri, ndovu watatu! Wakaelekea penye mzinga mtupu, na nyuma yake ndengu zangu zote, chakula chetu cha mwaka. Wakausukuma waya. Mzinga wangu ukayumba bure. Namba nane ukayumba pia, na nyuki wa Kaveke wakatoka. Ndovu wakalia, wakageuka, wakarudi msituni. Bila mkuki, bila tone la damu. Subhanallah! Zamani tulikesha tukipiga madebe, na bado tukavuna mabua. Nimesimama shambani nikatokwa na machozi, wala si kwa uvimbe.

Kabla ya kwenda kanisani, Bi Mutanu akaushusha mzinga wangu, akautundika wa marehemu babu yake, wenye nta ya miaka mingi. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Mama huyu ni neema.

Jumanne, 14 Januari

Kundi zima limeingia! Namba saba unavuma kama madrasa. Nafasi imebaki yangu. Nimemwandikia Bi Mutanu kwamba, kwa kuwa nimewavuta nyuki ndani ya siku tano tu, niko tayari kuwafundisha wanachama namna ya kuwavuta. Kaveke aketi mstari wa mbele.