Springi za Mtu wa Ratili Mia na Tisini

Jumatatu, 12 Januari
Janelle amekubali. Pikipiki yangu ya theluji ibadilishwe shokapu, ila upande mmoja tu. Mbele au nyuma. Mke mwema, lakini hajui kuchagua ni mateso. Jumamosi tunashindana kupanda Mlima Hobson kwa pikipiki, mmoja mmoja, nani atafika juu zaidi. Atakayeacha alama chini ya wote ndiye atakayebeba sandwichi na kahawa ya kundi zima hadi theluji iyeyuke. Misimu miwili nimebeba mimi. Shemeji Dwayne, kaka yake Janelle, huniita Mama Lishe. Mwaka huu sibebi!

Jumanne, 13 Januari
Kutwa mtandaoni (kazini). Wengine wanasema mbele: ski, zile mbao mbili za kutelezea, zikikaribiana, pikipiki inalala vizuri ubavuni mwa mlima. Wengine nyuma: ndiko uzito wa mpanda ulipo. Nikaamua mbele. Baada ya chakula, nyuma. Janelle akauliza kama natafuta shokapu au mke wa pili.

Jumatano, 14 Januari
Dukani kwa fundi Orval. Nyuma, kasema, hakuna mjadala. Springi za shokapu huchaguliwa kwa uzito wa mpanda pamoja na buti, begi na koleo. Akauliza wangu. Kwa sauti! Dwayne yuko kando ya jiko la kuota moto, anatafuna donati, masikio wima. Nikasema ratili mia na tisini. Orval akanitazama, akauliza, na buti? Na buti, nikasema. Dwayne akapaliwa. Mizani ya bafuni inasema mia mbili na arobaini bila buti, lakini mizani ile ni ya zamani.

Ijumaa, 16 Januari
Shokapu za nyuma zimefungwa! Nimeikalia gerejini, nyuma ikashuka hadi chini. Laini kama godoro. Janelle akasema mbona pua inatazama dari. Nikamwambia inatazama ushindi.

Jumamosi, 17 Januari
Dwayne alifika kwenye msonobari uliopigwa radi. Zamu yangu nikapiga resi. Nyuma ikakaa kitako, ski zikaenda hewani, nikaona mbingu, kisha pikipiki, kisha theluji tupu. Bibi Lorraine wa kundi letu, miaka sabini, alama yake iko juu ya yangu, na yeye alisimama njiani kufunga kofia. Niliona aibu, sikatai. Dwayne akanifukua kwa koleo huku akiuliza, Mama Lishe, leo kuna nini? Bata mzinga, nikajibu. Begi lenye sandwichi lilikuwa bado mgongoni mwangu.

Jumatatu, 19 Januari
Orval amekagua. Springi hazina kosa, kasema, zinamfaa kabisa mtu wa mia na tisini. Akauliza, je, kuna mnene yeyote aliyeiazima pikipiki? Nikasema yupo, jirani. Basi kosa ni mbele! Nimeagiza shokapu za mbele. Janelle nitamwambia zikishafungwa. Orval akashika kalamu, akauliza uzito tena. Dwayne alikuwa mlangoni, anakung'uta buti.

Nikavuta tumbo ndani. Mia na themanini, nikasema. Wiki hii nimepungua.